Utumwa mamboleo katika kampuni na mnyororo wake wa ugavi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa mameneja, maofisa rasilimali watu, wazabuni, mawakala wa ajira na wafanyakazi wa kampuni zinazofanya biashara nje ya mipaka, hasa zile zenye matawi, mashamba, viwanda au vibarua Afrika Mashariki na Ghuba. Suala la ada za kutafutiwa kazi limepewa nafasi kubwa kuliko mengine yote. Hapo ndipo tatizo linapoanzia mara nyingi, na ndipo kampuni nyingi hazitazami.

Utumwa mamboleo ni nini? Mbona kazi ngumu yenye mshahara mdogo iko kila mahali?

Kazi ngumu si utumwa, na mshahara mdogo peke yake si utumwa. Kipimo kinachotumika karibu duniani kote kimo katika Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1930: kazi ya shuruti ni ile anayotozwa mtu kwa kutishiwa adhabu, na ambayo hakujitolea mwenyewe kuifanya. Adhabu si lazima iwe kiboko. Yaweza kuwa kunyimwa mshahara wa miezi mitatu aliyokwisha kuifanyia kazi, kutishiwa kupelekwa uhamiaji, au kuambiwa kwamba mjomba aliyemdhamini mkopo kijijini atanyang'anywa shamba.

Jina hili la utumwa mamboleo linakusanya kazi ya shuruti, utumwa wa deni, usafirishaji haramu wa binadamu na ndoa za kulazimishwa. Kampuni hukutana zaidi na matatu ya kwanza.

Ukiwa kazini na huna muda wa kusoma mikataba ya kimataifa, jiulize: mtu huyu akitaka kuacha kazi kesho asubuhi, ni nini kitamzuia? Kama jibu ni kwamba hatapata mshahara wa mwezi ujao, hiyo ni ajira, hata kama ni ajira mbaya. Kama jibu ni deni, pasipoti iliyofungiwa, mlinzi wa geti au mshahara uliozuiwa, acha mengine yote ulichunguze hilo.

Ni watu wangapi walio katika hali hiyo?

Makadirio ya ILO, shirika la haki za binadamu la Walk Free na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), yaliyotolewa Septemba 2022, yanasema watu milioni 49.6 walikuwa katika utumwa mamboleo mwaka 2021. Kati yao milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya shuruti na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Katika hao wa kazi ya shuruti, milioni 17.3 walikuwa wananyonywa na watu na kampuni binafsi nje ya biashara ya ngono: mashambani, kwenye ujenzi, viwandani, baharini, majumbani. Hawa milioni 17.3 ndio wanaohusu ukurasa huu zaidi, kwa kuwa baadhi yao wanazalisha vitu vinavyouzwa kihalali kabisa, kwa risiti na kwa kodi.

Wafanyakazi wetu wana mikataba, bima na mafao ya hifadhi ya jamii. Utumwa utaingilia wapi?

Huenda usiingie kwa hao. Tazama nje ya orodha yenu ya mishahara. Nani anafagia ofisi baada ya saa za kazi? Nani analinda geti usiku? Nani anapakia makontena, nani anapika kambini, nani amewaleta vibarua wa msimu kwa lori, na mnyapara wao analipwa na nani? Kampuni kubwa inanunua huduma kwa kampuni ya usafi. Kampuni ya usafi inapata watu kwa wakala. Wakala ana dalali wake kijijini. Kila ngazi inakata fungu lake, na fungu hilo hutoka kwa mtu wa mwisho kabisa, ambaye jina lake hamlijui.

Historia ya kwetu imeuona mpangilio huu. Mashamba ya mkonge ya Tanga enzi za ukoloni yaliendeshwa na manamba waliotolewa Kigoma, Songea na Ruanda-Urundi, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda SILABU, chombo chao cha kukusanya watu. Mtu aliyetolewa mbali, asiye na jamaa jirani wala nauli ya kurudi, ni rahisi kumshika kuliko mwenyeji ambaye akionewa asubuhi jioni yuko kwao. Mambo hayo hayajabadilika. Kwa hiyo mnapopanga wapi pa kuanza kuchunguza, anzeni na walioletwa kutoka mbali.

Kwa nini kila mkaguzi makini anauliza "nani alilipa nauli yako?"

Kwa sababu swali hilo hufungua mlango ambao maswali mengine hayafungui.

Fikiria kijana wa Busia au Mbale aliyeahidiwa kazi ya ulinzi Doha au Dubai. Dalali anachukua chake. Wakala wa mjini anataja ada ya usajili, kisha vipimo vya hospitali, kisha viza, kisha tiketi. Familia inauza ng'ombe, inaweka shamba rehani, na kilichobaki kinakopwa kwa riba. Akifika anapewa mkataba mwingine, mara nyingine kwa lugha asiyoisoma, na mshahara uliopungua kuliko ule alioahidiwa. Hawezi kukataa: mkopeshaji anasubiri nyumbani, na riba inaongezeka kila mwezi. Ataamka alfajiri, atasimama saa 12 juani, atalala katika chumba cha watu 10, na akiulizwa kama ana malalamiko atasema hana. Hakuna aliyemfunga. Deni linatosha.

Chini ya mfumo wa kafala, ambapo ukaazi wa mgeni unategemea kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, deni na kibali cha ukaazi vinambana kwa pamoja. Qatar ilirekebisha sheria mwaka 2020 na kuondoa sharti la ruhusa ya mwajiri kabla ya mfanyakazi kuhamia kazi nyingine. Ni hatua kubwa na inastahili kutajwa. Sheria yake ya kazi ya mwaka 2004 pia inawakataza mawakala kumtoza mfanyakazi ada ya ajira. Lakini fedha nyingi hulipwa kabla mtu hajapanda ndege, Kampala, Nairobi, Mombasa au Kathmandu, ambako mkaguzi wa Doha hafiki. Deni la kijijini halifutwi na sheria ya nchi ya ugenini.

ILO imelikataza jambo hili tangu 1997: Mkataba namba 181 unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Kanuni za Dhaka za mwaka 2012 kuhusu kuajiri wahamiaji, zinazofuatwa na kampuni nyingi za kimataifa, zinasema vivyo hivyo: mwajiri ndiye anayelipa.

Kwa vitendo, mkataba wenu na wakala utaje kila gharama, kuanzia picha za pasipoti hadi nauli ya basi la kwenda uwanja wa ndege, na useme inalipwa na nani. Kisha mtenge fedha hizo kwenye bajeti. Wakala akikuahidi watu 200 bure, au akikupa chochote ili umpe kazi hiyo, ujue tayari kwamba wafanyakazi ndio watakaolipa. Hakuna wakala anayesafirisha watu 200 kwa sadaka. Zungumzeni na wafanyakazi siku chache baada ya kufika, kwa lugha yao, bila wakala kuwepo, na tena baada ya miezi kadhaa, hofu ikiwa imepungua na wakiwa wamezoeana na wenzao.

Mfanyakazi alilipa kwa hiari yake, na hana risiti. Tutamrudishiaje fedha?

Alilipa kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kupata kazi, na risiti hakupewa kwa sababu aliyepokea alijua anachofanya. Kumdai risiti ni kumlinda dalali.

Njia ipo. Katika miradi ya viwanja vya Kombe la Dunia la 2022, kamati ya maandalizi ya Qatar iliwabana makandarasi wawarejeshee wafanyakazi ada walizotozwa bila kuwadai risiti. Unaweza kufanya hivyo hivyo: chunguza kiwango kinachotozwa kwenye njia hiyo ya uhamiaji, kwa mfano kutoka Uganda kwenda Dubai, ukubaliane na wawakilishi wa wafanyakazi, kisha uwalipe wote walioipitia. Watakaolipwa zaidi kidogo ya walichotoa ni hasara ndogo mno ukilinganisha na kuwaacha wengine na deni.

Tunawahifadhia wafanyakazi pasipoti zao ili zisipotee. Kuna ubaya?

Upo. Warudishieni leo. Anayehofia wizi apewe kabati lenye kufuli, ufunguo akae nao yeye, aweze kulifungua saa yoyote bila kuomba ruhusa. Fomu ya kuonyesha kwamba mfanyakazi "ameridhia" kampuni ishike pasipoti haina maana kama aliisaini siku ya kwanza kazini, mbele ya meneja.

Tunakaguliwa kila mwaka na tunafaulu. Haitoshi?

Haitoshi. Mwaka 2016 mahakama ya Leeds ilimfunga mmiliki wa kiwanda cha vitanda cha West Yorkshire, Uingereza, kilichotumia raia wa Hungary walioletwa na wasafirishaji haramu, wakilipwa fedha kidogo mno na kulala wakiwa wamerundikana. Kiwanda hicho kiliuzia maduka makubwa yenye majina, na wakaguzi walikwisha kupita. Mwaka 2019 likahukumiwa genge lililokuwa na waathirika zaidi ya 400, wengi wao kutoka Poland, katika eneo la West Midlands. Wengi walifanya kazi mashambani na kwenye vituo vya kuchambua taka, baadhi wakiwa wamesajiliwa na mawakala halali wa ajira. Mishahara yao ililipwa ipasavyo benki. Genge ndilo lililoshika kadi za benki. Mkaguzi anayesoma karatasi za mishahara asingeona kasoro yoyote.

Ukaguzi wa kawaida huwa na tarehe inayojulikana, na jengo linapakwa rangi wiki moja kabla. Wafanyakazi wanaohojiwa wanachaguliwa na meneja, wanahojiwa chumba kilicho jirani na ofisi yake, na walioletwa na mnyapara siku hiyo hawaitwi kazini. Nimeisikia sentensi "sisi hatuna tatizo" ikitamkwa kwa maneno yaleyale na watu watano mfululizo. Maneno kama hayo yamefundishwa.

Ziko dalili ambazo mtu wa kwetu anaweza kuziona haraka kuliko mkaguzi aliyeshuka na ndege jana. Namba moja ya simu inayopokea mishahara ya watu sita. Anwani moja kwa wafanyakazi 30. Daftari la duka la kambi: nani ana deni, ni kiasi gani, na mwisho wa mwezi makato yanakwenda kwa nani? Kibarua asiyeweza kutaja mshahara wake kwa sababu "anajua msimamizi". Watu wanaoshuka kwenye gari moja, wanakaa pamoja, na anayejibu kwa niaba yao ni yuleyule kila mara. Nendeni mabweni siku ya Jumapili. Ongeeni na mama lishe wa nje ya geti. Anajua nani ameacha kununua chakula. Pelekeni mwanamke awahoji wanawake, kwa kuwa mnyapara anayegawa zamu mara nyingi ndiye anayedai ngono, na hilo hakuna atakayelisema mbele ya mwanamume mgeni.

Chama cha wafanyakazi kilicho hai ni bora kuliko ukaguzi wowote, kwa sababu kipo siku zote. TPAWU mashambani Tanzania, KUDHEIHA kwa wafanyakazi wa hoteli na majumbani Kenya na vingine vya namna hiyo wanajua mambo ambayo hayafiki kwenye ripoti yenu. Kampuni inayosema inapiga vita utumwa huku ikiwafukuza wanaojiunga na chama inajipinga yenyewe.

Mnunuzi wetu wa Ulaya anatutumia dodoso la kurasa 40 kuhusu utumwa, lakini bei yake haipandi. Tumjibuje?

Mjibuni ukweli, kwa maandishi, na kwa hesabu.

Mashamba ya maua ya Naivasha yanaijua hali hii. Kabla ya Siku ya Wapendanao, tarehe 14 Februari, oda za waridi hupanda ghafla. Mnunuzi akibadilisha oda siku tatu kabla, akitaka mashina mengi zaidi kwa bei ileile na siku ileile ya ndege, shamba lina njia mbili: kuwabakiza watu usiku au kuita vibarua kupitia yeyote atakayewaleta kwa haraka. Njia zote mbili zinaelekea kwenye kile ambacho dodoso linakataza. Mnunuzi anayelipa baada ya siku 90 anamfanya mzabuni akope ili alipe mishahara, na mishahara ndiyo ya kwanza kucheleweshwa.

Kwa hiyo mnapojaza dodoso, ambatanisheni karatasi moja ya hesabu: gharama ya kuajiri bila kumtoza mfanyakazi, gharama ya mabweni yanayofaa, muda unaohitajika kutimiza oda bila saa za ziada za kulazimisha, na tarehe ya malipo itakayowezesha mishahara kutoka kwa wakati. Ombeni mnunuzi achangie. Wapo watakaokataa, lakini itakuwa imeandikwa kwamba waliambiwa, na sheria mpya zinaanza kuuliza mnunuzi alijua nini. Na kama wewe ndiye mnunuzi, lipeleke swali hili kwanza kwa idara yenu ya ununuzi. Huwezi kumwachia mzabuni jukumu lote huku ukimminya bei inayomlazimisha kuvunja ahadi.

Sheria zipi zinatuhusu?

Inategemea mnauza wapi na mna ukubwa gani. Uingereza, kwa kifungu cha 54 cha Sheria ya Utumwa Mamboleo ya 2015, inazitaka kampuni zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka zitoe taarifa kila mwaka, iliyoidhinishwa na bodi na kusainiwa na mkurugenzi. Australia ina sheria kama hiyo ya 2018, kwa mapato ya dola za Australia milioni 100. Kanada ilianza 2024. Kasoro ya sheria za namna hii ni kwamba zinadai taarifa kuliko matendo. Chini ya kifungu hicho cha Uingereza, kampuni inaweza hata kusema haikuchukua hatua yoyote ikawa imetimiza sheria.

Ufaransa ilikwenda mbele zaidi mwaka 2017 kwa kuweka wajibu wa kuwa na mpango wa kuzuia madhara na kuutekeleza, na anayedhurika anaweza kwenda mahakamani. Ujerumani ilianza kutekeleza sheria yake ya minyororo ya ugavi Januari 2023. Marekani hutumia forodha: kifungu cha 307 cha Sheria ya Ushuru ya 1930 kinazuia bidhaa zilizotengenezwa kwa kazi ya shuruti, na tangu Juni 2022 bidhaa zenye asili ya Xinjiang, Uchina, huchukuliwa kuwa zimetokana na kazi ya shuruti mpaka mwagizaji athibitishe vingine. Umoja wa Ulaya umepitisha marufuku yake, itakayoanza kutumika tarehe 14 Desemba 2027.

Msisahau za nyumbani. Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, Uganda ya 2009, Kenya ya 2010. Ya Kenya inaweka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Katiba ya Kenya, kifungu cha 30, inapiga marufuku utumwa na kazi ya shuruti bila kuzunguka.

Vipi saa za ziada?

Zikiwa za hiari na ndani ya sheria, sawa. Tanzania Bara inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, kwa makubaliano. Shida inaanza pale anayekataa anapokosa zamu wiki inayofuata, au mshahara wa msingi unapopangwa mdogo kiasi kwamba bila saa za ziada mtu hawezi kula.

Tunatumia betri na vifaa vya elektroniki. Je, kobalti ya Kongo ni suala letu?

Ndiyo. Takribani asilimia 70 ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, sehemu kubwa Lualaba na Haut-Katanga, maeneo ya Waswahili wenzetu. Wapo wachimbaji wadogo Kolwezi wanaochimba kwa mikono, na wengi wao wanafanya hivyo kwa sababu ndiyo riziki iliyopo. Kuwaita wote watumwa ni kuwakosea. Walakini wapo watoto kwenye kazi ya kuokota na kuosha mawe, na wapo wachimbaji waliokopeshwa zana na chakula na mnunuzi, wanaolazimika kumuuzia yeye tu kwa bei anayoitaja. Mzigo ukifika kwenye vituo vya kununulia huchanganywa na mingine, kisha hukutana tena na wa migodi mikubwa kwenye vinu vya kusafisha. Baada ya hapo hakuna anayeweza kutofautisha.

Kampuni inayotangaza kwamba "haitumii kobalti ya wachimbaji wadogo" mara nyingi haina njia ya kuthibitisha maneno hayo, na hata ikifaulu inawaacha wachimbaji hao mikononi mwa wanunuzi wasiojali. Afadhali kushiriki katika kuboresha machimbo: kina cha mashimo, mizani ya haki, bei inayobandikwa hadharani, shule karibu na machimbo. Ni kazi ya miaka, na haipendezi kwenye tangazo.

Kama serikali ndiyo inayolazimisha watu kufanya kazi, kampuni ya kigeni inaweza kuwajibika?

Kesi moja ya Afrika Mashariki imejibu. Waeritrea waliosema walilazimishwa, chini ya utumishi wa taifa usio na mwisho, kufanya kazi katika ujenzi wa mgodi wa Bisha waliishtaki kampuni ya Kanada iitwayo Nevsun Resources, iliyokuwa na hisa kubwa katika mgodi huo. Kazi yenyewe ilipitia kwa makandarasi wa ndani. Nevsun ilitaka kesi itupwe. Februari 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa na kusema kesi inaweza kuendelea. Baadaye pande mbili zikapatana nje ya mahakama, kwa hiyo ukweli wa madai hayo haukufikia hukumu. Lakini mlango umefunguliwa. Kabla ya kuingia ubia na kampuni ya serikali, ulizeni nani atafanya kazi, wametolewa wapi, na kama wanaweza kuondoka.

Tumegundua kisa. Tufanye nini leo?

Anzeni na mtu, si na mawakili wa kampuni wala ofisi ya habari. Je, yuko salama usiku huu? Muulizeni anataka nini, kwa faragha, na mkalimani asiyemjua mwajiri wake. Msimhoji mara sita mbele ya watu sita. Msiwaite polisi au uhamiaji bila yeye kuelewa kitakachofuata, isipokuwa maisha yake yamo hatarini au yeye ni mtoto; asiye na vibali anaweza kujikuta mahabusu kwa kosa la aliyemleta. Hifadhini ushahidi: picha za mabweni, ujumbe wa simu, daftari la makato, stakabadhi za wakala.

Msimvunjie mzabuni mkataba siku hiyohiyo. Hili huwashangaza wengi, maana kukata uhusiano kunaonekana kama msimamo mkali. Kinachotokea ni kwamba kiwanda kinafunga, wafanyakazi wanafukuzwa na deni lao likiwa palepale, na aliyewanyonya anatafuta mteja mwingine asiyeuliza. Mna nguvu juu ya mzabuni kwa muda ule tu mnaonunua kwake. Itumieni: mpeni masharti na tarehe, pasipoti zirudi, mshahara uliozuiwa ulipwe, ada zirejeshwe, watu waruhusiwe kuondoka. Akikataa, ondokeni, huku mkiwa mmepanga wafanyakazi wataishije.

Mfano wa Top Glove, kampuni ya Malaysia inayotengeneza glavu, unaonyesha nguvu hiyo. Julai 2020, dunia ikililia glavu kwa sababu ya korona, forodha ya Marekani ilizuia bidhaa za viwanda vyake vya Malaysia. Kampuni hiyo ikaishia kuwarejeshea wafanyakazi wake wahamiaji, wakiwemo wa Bangladesh na Nepal, ada za ajira za takribani ringiti milioni 136, na Septemba 2021 zuio likaondolewa. Fedha zilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni sababu ya kuzitoa.

Taarifa yetu ya mwaka iandikwe vipi?

Andikeni mlichokiona. Taarifa nyingi zinasema kampuni "haivumilii kabisa" utumwa na kwamba hakuna kisa kilichopatikana. Kwa kampuni yenye wazabuni 4,000 katika nchi 30, kutopata kisa hata kimoja kunaonyesha haikutafuta. Semeni mmefika ngazi ya ngapi ya mnyororo, mmezungumza na wafanyakazi wangapi bila msimamizi kuwepo, malalamiko mangapi yamepokelewa, ada kiasi gani zimerejeshwa kwa watu wangapi, na wapi hamjafika bado. Iwekeni pia kwa lugha za watu inaowahusu. Wafanyakazi wa shamba la Kilimanjaro au Thika waweze kuisoma na kusema kama ni kweli.

Mimi si meneja. Ndugu yangu ameitiwa kazi nje. Tuangalie nini?

Kwanza wakala. Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA) inasajili mawakala. Tanzania Bara nendeni ofisi ya Kamishna wa Kazi, Zanzibar Kamisheni ya Kazi. Uganda, Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Usiridhike na cheti kilichobandikwa ukutani, thibitisha kwenye orodha yao.

Pili karatasi. Viza ya utalii au ya kutembelea si ya kazi, hata wakala akiapa itabadilishwa akifika. Mkataba uonekane kabla ya safari, wenye jina la mwajiri, mahali, mshahara na saa. Pigeni picha pasipoti, viza na mkataba, zibaki kwa mtu wa nyumbani pamoja na namba ya ubalozi wetu wa huko. Wekeni neno la siri ambalo akilisema kwenye simu mtajua hawezi kuzungumza kwa uhuru.

Jihadharini sana na matangazo ya kazi nyepesi za kompyuta au huduma kwa wateja Thailand, zenye mshahara mnono na tiketi ya bure. Vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia wamechukuliwa kwa njia hiyo, wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mitandaoni, wakilazimishwa kuwaibia watu kwa simu na kupigwa wasipofikisha lengo. Anayetoa tiketi ya bure naye aulizwe jina la mwajiri, anwani yake, na kwa nini anakataa mkataba usomwe na mtu mwingine.

Kama tayari yuko huko na amekwama, ubalozi, wizara ya mambo ya nje na chama cha wafanyakazi wapigiwe wote, si mmoja tu, na kila simu iandikwe tarehe na jina la aliyepokea. Kama ni mtoto, hapa nyumbani, Kenya au Tanzania, piga 116. Simu hiyo ni ya bure.